Leo Fender, Fundi wa Redio Asiyejua Kupiga Gitaa

Askari aliyewahi kuwekwa zamu kwenye ukumbi wa dansi hapa Bujumbura huenda ameliona neno Fender mbele ya sanduku la kikuza sauti, asijue kuwa hilo ni jina la mtu. Mtu huyo, Clarence Leonidas Fender, ambaye dunia ilimfahamu kwa jina la Leo, hakujifunza kupiga gitaa maisha yake yote. Twaandika habari zake kwa sababu vikuza sauti vyake vya zamani vingali vyafaa, ilhali vingine hutupwa na wasiofahamu kwamba mwenye kuvibuni alivitengeneza ili viweze kufunguliwa na kurudishiwa uhai.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, Marekani, wazazi wake wakiwa wakulima wa machungwa. Utotoni alipoteza jicho la kushoto, akawekewa la kioo. Alipenda redio tangu ujana, lakini alichosomea ni uhasibu; elimu ya umeme aliipata kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa karani wa hesabu mpaka kazi ilipomponyoka katika miaka ile ya dhiki, na mwaka 1938 akakopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Duka hilo ndilo lililokuwa chuo chake. Redio za siku hizo ziliendeshwa kwa valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambamo umeme dhaifu huutawala umeme wenye nguvu. Kikuza sauti cha gitaa ni ndugu wa redio hiyo. Siku nenda siku rudi Leo alifungua vyombo vilivyoundwa na wengine, akaona ni kipi hufa kwanza, na ni wapi mwundaji amemtesa fundi bure.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jicho lile lilimwondoa katika orodha ya wanaoitwa jeshini. Mwaka 1945 alishirikiana na mwanamuziki Doc Kauffman kutengeneza magitaa na vikuza sauti. Mwaka uliofuata Kauffman, akihofia madeni, alijitoa, na Leo akaendelea kwa kampuni yenye jina lake. Magitaa yake, Telecaster na Stratocaster ya mwaka 1954, yana sifa ya kutosha; sisi twataka kulitazama sanduku.

Ukifungua kikuza sauti cha Fender cha miaka ya 1950 utakuta ubao mgumu wenye vijitundu vya chuma, na juu yake vipuri vimepangwa mstari kama askari gwaridani, kila kimoja kikionekana na kufikiwa na chuma cha kulehemu. Valvu huchomolewa kwa mkono. Ndani ya sanduku imebandikwa karatasi inayotaja aina ya chombo na mahali pa kila valvu. Aliyefunzwa kuifungua na kuifunga bunduki yake ataelewa mara moja thamani ya mpango huo. Hata Jim Marshall wa London, alipotaka kuunda chake mwaka 1962, alianzia kwenye Bassman ya Fender.

Basi chombo kama hicho kikinguruma au kikinyamaza, aghalabu ugonjwa ni kapasita zilizokauka kwa uzee, valvu zilizochoka, au kutu kwenye soketi, na unyevu wa ziwa letu hauna huruma kwa chuma. Hivyo hubadilishwa na kusafishwa. Transfoma na spika za asili, zikiwa nzima, huachwa. Fundi wa Buyenzi mwenye subira anaiweza kazi hiyo. Lakini na ajihadhari! Kapasita huweza kuhifadhi volti zaidi ya 400 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo huua. Hapana budi kuuondoa kwa rezista, kisha kupima, ndipo mkono uingie. Waya wa zamani wenye nyuzi mbili ubadilishwe kwa wenye nyuzi tatu, mmoja wa ardhi. Tena chombo kilichoundwa kwa matumizi ya Marekani kilitazamia volti zipatazo 117. Kukichomeka moja kwa moja kwenye 220 zetu, bila transfoma ya kupunguza, ni kukiunguza. Wala kisiwashwe pasipo spika kuunganishwa.

Maradhi ya muda mrefu yalimdhoofisha Leo, na mwaka 1965 aliiuza kampuni kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Mwaka uliofuata wenyeji wapya walileta vikuza sauti vya transista. Havikupendwa, vikaachwa mwaka 1971, wakati wapiga gitaa wakiendelea kuvisaka vile vya valvu alivyoviacha mzee.

Mwenyewe alipata nafuu, akarudi kazini, kwanza katika kampuni ya Music Man, kisha G&L aliyoianzisha na rafiki yake George Fullerton. Ugonjwa wa kutetemeka, uitwao Parkinson, ulimshika uzeeni. Hata hivyo aliendelea kufika kwenye meza yake ya kazi hadi siku zake za mwisho. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Valvu za aina alizozitumia zingali zaundwa Urusi, China na Slovakia, nazo huingia katika soketi zake zile zile.