Raiffeisen: Meya wa Vijijini Aliyeasisi Ushirika wa Mikopo

Friedrich Wilhelm Raiffeisen, mmoja wa waasisi wa ushirika wa akiba na mikopo duniani, alizaliwa tarehe 30 Machi, 1818 huko Hamm, kando ya Mto Sieg, nchini Ujerumani. Akiwa mtoto wa saba kati ya tisa, hakupata elimu ya sekondari kutokana na ufukara wa familia, bali alifundishwa na mchungaji wa mahali hapo. Alijiunga na jeshi akiwa na umri wa miaka 17, lakini maradhi ya macho yalimlazimu kuliacha mwaka 1843 na kuingia katika utumishi wa umma.

Mwaka 1845 Serikali ya Prussia ilimteua kuwa Meya wa Weyerbusch, eneo la vijiji 22 katika vilima vya Westerwald. Meya wa vijijini wa wakati huo alibeba dhamana ya barabara, shule na misaada kwa maskini. Raiffeisen alisimamia ujenzi wa shule na kuanzisha uboreshaji wa barabara ya kuwafikisha wakulima kwenye masoko ya Mto Rhine.

Mtihani mkubwa ulimkuta katika majira ya baridi ya mwaka 1846 na 1847, mavuno yalipoharibika na njaa kuingia. Serikali ilileta unga kwa sharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Meya huyo alifahamu kuwa wenye njaa hawakuwa na fedha. Akiweka wadhifa wake rehani, aliamua unga utolewe kwa mkopo, akawahimiza wenye uwezo kuchangia mfuko wa pamoja, na ikajengwa tanuri ya jumuiya iliyooka mkate wa bei nafuu.

Alipohamishiwa Flammersfeld mwaka 1848, alikuta wakulima wakipoteza mifugo na mashamba kwa wakopeshaji wa riba kubwa. Mwaka uliofuata aliunda chama ambacho matajiri walidhamini mikopo ya kununulia ng'ombe. Akiwa Meya wa Heddesdorf kuanzia mwaka 1852, aliendeleza utaratibu huo, lakini akabaini udhaifu wake: hisani hudumu kadiri mfadhili anavyopenda, naye mfadhili huchoka.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kilijengwa upya juu ya msingi wa kujitegemea. Mkopaji alipaswa kuwa mwanachama, wanachama wote wakadhaminiana, na viongozi wakafanya kazi kwa kujitolea.

Afya yake ilipodhoofika, alistaafu umeya mwaka 1865 akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 1866 alichapisha kitabu kilichoeneza mfumo huo. Ingawa alikaribia kupofuka, aliendelea na kazi akisaidiwa na binti yake Amalie hadi alipofariki dunia tarehe 11 Machi, 1888.

Mfumo wake ulivuka mipaka. Sheria ya ushirika wa mikopo ya India ya mwaka 1904 iliuchukua kuwa kielelezo, na sheria hiyo ikawa mfano kwa makoloni mengine ya Uingereza, ikiwemo Tanganyika, iliyopata sheria yake ya ushirika mwaka 1932. Leo, mwanachama wa SACCOS anayeweka akiba kabla ya kukopa, na kumdhamini mwenzake, anafuata kanuni iliyozaliwa katika ofisi ya meya wa vijijini.