James Robertson: Aliyewafungulia wazazi milango ya wodi

James Robertson alizaliwa mwaka wa 1911 Rutherglen, Scotland. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi London katika makao ya watoto ya Anna Freud, akianza na kutunza tanuri la kupasha nyumba joto. Mwaka wa 1948 alijiunga na daktari John Bowlby, akatumwa kuchunguza watoto waliolazwa.

Siku hizo hospitali nyingi za Uingereza ziliwapa wazazi saa chache tu kwa wiki. Mtoto akinyamaza, wauguzi walisema ashazoea. Robertson aliona vingine: kwanza mtoto analia, kisha anazama katika huzuni, mwishowe anakuwa kama hamjali hata mamake. Kunyamaza kule kulikuwa kukata tamaa.

Madaktari hawakumwamini. Basi akanunua kamera, ingawa hakuwa amewahi kupiga filamu, akamrekodi mtoto wa miaka miwili kwa siku nane wodini. Alirekodi nyakati zilizopangwa, saa ya ukutani ikionekana, asije akaambiwa amechagua machozi tu. Alipoionyesha filamu hiyo kwa madaktari London mwaka wa 1952, wengi walifoka, ati anawaharibia jina.

Hakurudi nyuma. Mwaka wa 1959, ripoti ya kamati ya serikali iliyoongozwa na Platt ilipendekeza wazazi waingie wakati wowote, na mama walale na watoto wadogo. Hospitali nyingi zilijikokota. Yeye na mkewe Joyce wakaendelea kuzisukuma. Alifariki 1988.