Archimedes: Mtu aliyejua siri ya kuelea miaka 2,200 kabla ya MV Bukoba

Ukitaja Mei 21 kwa watu wa Ndama, Kayanga na Karagwe nzima, huhitaji kueleza sana. Asubuhi ya siku hiyo, mwaka 1996, MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walipoteza maisha.

Kuna kipande cha habari ile ambacho mpaka leo kinauma. Meli ilipinduka, lakini haikuzama papo hapo. Ilibaki inaelea tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu wanagonga chuma kuomba msaada. Waokoaji wakatoboa tundu. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, meli ikaenda chini.

Mtu aliyekwisha kueleza kwa nini ingekuwa hivyo alikuwa amekufa karne 22 nyuma.

Archimedes alizaliwa takriban mwaka 287 kabla ya Kristo mjini Syracuse, kisiwa cha Sicily, Italia ya leo. Baba yake, Phidias, alikuwa mchunguzi wa nyota. Mwenyewe aliandikiana barua na wasomi wa Alexandria, Misri, akiwemo Eratosthenes, mzaliwa wa Libya ya leo. Yaani Afrika ilikuwa inasoma kazi zake yeye akiwa hai.

Wengi tunamfahamu kwa kisa cha taji. Mfalme Hiero alishuku sonara amechanganya fedha kwenye dhahabu yake. Archimedes akaingia kuoga, akaona maji yanamwagika, akatoka mbio uchi barabarani akipiga kelele kwamba amepata jibu. Kisa kitamu, ila aliyekiandika ni Mrumi Vitruvius, karibu miaka 200 baadaye. Kwenye maandishi ya Archimedes yaliyobaki, hakuna taji wala bafu.

Kilichopo ni kizito zaidi. Katika kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea, alithibitisha kwamba kitu kikiwa majini husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji kiliyoyasogeza. Kwa hiyo MV Bukoba haikushikiliwa juu na chuma chake. Chuma pamoja na hewa iliyofungiwa vilikuwa vimesogeza maji mengi. Hewa ilipotoka, maji yaliyosogezwa yakapungua, uzito ukashinda.

Na kikishafika chini? Hapo pia alikuwa na jibu: kitu kizito kuliko maji kitashuka mpaka sakafuni, lakini kitapungua uzito kwa kiasi cha maji kiliyoyasogeza. Tani 100 za chuma tupu zikilala chini ya ziwa, maji bado yanabeba kama tani 13, na sakafu inabeba zile 87 zilizobaki. Aliyewahi kuvuta ndoo kisimani analijua hili kwa mkono: ndoo ni nyepesi ikiwa ndani ya maji, ikitokeza juu tu, mkono unashtuka.

Tope ndilo linaloharibu hesabu. Maji husukuma kitu juu kwa sababu yanaingia chini yake. Kitu kikikaa kwenye tope likakifunga kabisa, maji ya chini hayapo ya kusukuma, ya juu yanaendelea kukandamiza. Ndiyo maana gambuti lililonasa kwenye kinamasi linaweza kubaki huko wewe ukatoka na soksi.

Archimedes hakuishia hapo. Sehemu ya pili ya kitabu hicho inahusu vitu vinavyoelea vikiwa vimeinama: lini vitajirudisha wima, lini havitajirudisha. Kumbe swali la meli kuyumba na kupinduka alikuwa ameshalianza.

Uzeeni alitengeneza mitambo ya kulinda mji wake dhidi ya jeshi la Roma lililouzingira. Syracuse ikaanguka mwaka 212 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba jenerali Marcellus alitaka aletwe akiwa hai, lakini askari mmoja akamuua. Alikuwa na miaka kama 75. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Cicero, aliyekuwa ofisa wa Roma kisiwani humo, alilikuta kaburi lake limefunikwa na miiba.

Kitabu chenyewe nusura kipotee. Karne ya 13 nakala yake ya Kigiriki ilikwanguliwa wino, ngozi ikaandikwa sala juu yake. Mwaka 1906, Karagwe ikiwa chini ya Wajerumani, msomi wa Denmark, Johan Heiberg, aliikagua ngozi hiyo mjini Constantinople. Chini ya mistari ya sala akaona herufi nyingine, zimefifia. Akaanza kuzisoma.