Philip Omondi, mfungaji wa Kampala aliyevuka mipaka

Mfanyabiashara anayetoka Malaba au Busia na kuingia Kampala kwa barabara ya Jinja hupita Nakawa, kisha Lugogo, kabla hajazama kwenye msongamano wa katikati ya mji. Wengi hushuka Lugogo mara moja kwa mwaka, mwezi Oktoba, kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya biashara katika viwanja vya UMA. Si mbali na hapo kuna uwanja wa mpira wa nyasi bandia, nyumbani kwa klabu ya KCCA. Uwanja huo unaitwa MTN Omondi Stadium. MTN kila mtu anaijua, kwa kuwa ndiyo njia ya kutuma na kupokea pesa. Omondi ni nani, vijana wengi wanaobeba mizigo pale hawana habari, na hilo linashangaza kidogo. Katika Uganda ya miaka ya 1970 ilikuwa vigumu kuzungumza mpira kwa dakika tano bila jina hilo kutajwa.

Philip Omondi alizaliwa mwaka 1957, miaka mitano kabla ya Uganda kupata uhuru. Jina lenyewe lina habari yake. Wajaluo humwita Omondi mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri, na anayetembea Kisumu, Siaya, Homa Bay au Rorya upande wa Tanzania atakutana na akina Omondi kila kona. Kampala nako jina hilo halikuwa geni. Wajaluo walifika zamani kufuata kazi za reli, bandari ya ziwa na viwanda, na wengi walipanga Nakawa na Naguru, mitaa iliyojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, pale pale juu ya Lugogo.

Halafu ikaja Oktoba 1970. Serikali ya Milton Obote iliagiza wafanyakazi wasio raia waachishwe kazi. Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, walifungasha vyombo na kurudi Kenya kwa mabasi na treni, baadhi baada ya kuishi Uganda karibu maisha yao yote. Omondi alikuwa na umri wa miaka 13. Miaka michache baadaye, jina ambalo karani wa ofisi angeweza kulitilia shaka kwenye orodha ya waajiriwa lilikuwa linaimbwa na maelfu ya Waganda kwenye uwanja wa Nakivubo, ule uliopakana na soko la Owino.

Klabu iliyompa nafasi hiyo ilikuwa Kampala City Council, KCC kwa kifupi. Haikuzaliwa na matajiri. Iliundwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa baraza la jiji, chini ya Samuel Wamala wa idara ya maji taka, ili wapate mazoezi baada ya kazi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa timu ya kawaida tu ya idara. Aliyeibadilisha ni Jaberi Bidandi Ssali, ambaye baadaye akawa waziri na hata kugombea urais mwaka 2011. Bidandi alikuwa na jicho la kuona vijana, na hakuogopa kuwapanga mbele ya wakubwa wenye majina. Omondi alikuwa miongoni mwa vijana hao.

Mpira wa Uganda wakati ule haukuwa wa mishahara minono. Mchezaji aliajiriwa na taasisi yenye timu: jeshi, magereza, polisi, benki, bodi ya kahawa au baraza la jiji. Ajira ndiyo iliyokuwa mkataba. Katika nchi ambayo uchumi ulikuwa umeporomoka tangu Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, sukari na sabuni zikiwa bidhaa za magendo, kazi ya kudumu ya baraza la jiji ilikuwa na thamani kubwa kuliko inavyosikika leo.

KCC ilichukua ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza mwaka 1976 na ikaurudia mwaka 1977. Ubingwa wa pili una doa ambalo si la wachezaji: mwaka huo huo serikali ya Amin iliipiga marufuku Express, klabu yenye mashabiki wengi Kampala iliyokuwa imetwaa ubingwa wa 1974 na 1975, kwa madai kwamba ilikuwa kituo cha wapinzani wa utawala. Mashabiki wa Express wamekuwa wakiutilia shaka ubingwa ule kwa miaka mingi. Lakini ule wa 1976 ulipatikana Express ikiwa uwanjani, na waliomwona Omondi akipokea mpira mgongo ukiwa golini, akageuka na kumwacha beki ameshika hewa, hawakuhitaji maelezo zaidi.

Timu ya taifa, Cranes, ilikuwa katika kipindi chake bora kuliko vyote. Mwaka 1976 ilitwaa Kombe la Chalenji visiwani Zanzibar, na mwaka 1977 ikalitwaa tena Mogadishu, mara zote mbili ikiishinda Zambia kwenye fainali. Inafaa kukumbuka hali ya kanda ilivyokuwa. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ardhi ya Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, ndege na treni zikagawanwa kama mali za marehemu, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Marais hawakuwa wakizungumza. Wachezaji waliendelea kukutana. Hilo halikusimamisha hata risasi moja, lakini CECAFA ilibaki kuwa moja ya vyombo vichache vya kanda vilivyokuwa bado vinafanya kazi, na mtu wa Kampala aliyetaka kujua hali ya Dar es Salaam mara nyingine aliipata kwa msafara wa mpira.

Upande wa klabu, ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati ulikuwa mikononi mwa Luo Union ya Kenya, washindi wa 1976 na 1977. Mwaka 1978 mashindano yalifanyika Kampala, na KCC ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kulibeba kombe hilo. Fainali dhidi ya Simba ya Dar es Salaam ilimalizika bila bao, na KCC ikashinda kwa mikwaju ya penalti, 3 kwa 2. Kabla mwaka haujaisha, majeshi ya nchi hizo mbili yalikuwa yanapigana Kagera.

Katikati ya mambo hayo ndipo palipotokea Machi 1978, mwezi uliolifanya jina la Omondi livuke Afrika Mashariki. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilichezwa Ghana. Hakuna aliyeitazamia Uganda. Miaka miwili nyuma, nchini Ethiopia, ilikuwa imefungwa mechi zote tatu na wenyeji, Misri na Guinea. Safari hii kocha alikuwa Peter Okee, nahodha Jimmy Kirunda, na kikosi kilikuwa na watu kama Tom Lwanga katika ulinzi na Abbey Nasur katika ushambuliaji. Walipangwa Kumasi pamoja na Tunisia, Morocco na Congo. Wakaifunga Congo 3-1. Wakafungwa na Tunisia 3-1. Kisha wakaipa Morocco, bingwa mtetezi, kipigo cha 3-0 na kuivua taji mapema.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Nigeria ya Segun Odegbami na Christian Chukwu, timu iliyokuwa na fedha na maandalizi ambayo Uganda haikuweza kuyaota. Nasur alifunga mapema. Nigeria ikasawazisha kipindi cha pili. Dakika chache baadaye Omondi akafunga la pili, na Uganda ikaingia fainali. Kwa nchi ambayo habari zake nje zilikuwa za mauaji na vichekesho vya Amin, hiyo ilikuwa habari ya namna nyingine kabisa.

Fainali ya Accra iliisha Ghana 2, Uganda 0. Opoku Afriyie alifunga yote mawili, moja kila kipindi, mbele ya umati wa nyumbani. Ghana, ikiwa nchi ya kwanza kulitwaa kombe mara tatu, ililichukua moja kwa moja. Omondi aliondoka na mabao matatu katika mashindano hayo, sawa na Afriyie na Odegbami, na hakuna aliyefunga zaidi yao. Alikuwa na miaka takriban 21. Wapo wanaosema hadi leo kwamba siku ile ya fainali Cranes walichoka au walitishika. Pengine. Lakini timu iliyocheza ugenini dhidi ya Ghana ya Abdul Razak, mwanasoka bora wa Afrika wa mwaka ule, haihitaji kutafutiwa visingizio vingi.

Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Maduka yaliporwa, ofisi zikabaki makaratasi sakafuni. Ile ajira ya kudumu ya baraza la jiji, iliyokuwa kinga ya mchezaji, ikawa haitoshi hata kununua unga.

Omondi akaenda Sharjah, Falme za Kiarabu. Wafanyabiashara wa leo wanaijua Sharjah kwa spea za magari: makontena yanayojazwa injini na milango iliyotumika na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kupanda malori kuelekea Kampala, Kigali na Bujumbura. Wakati ule biashara hiyo ilikuwa changa. Kilichokuwepo ni fedha za mafuta, na sehemu yake ilikwenda kwenye klabu za mpira zilizotafuta vipaji vya nje. Mwenzake wa Tanzania, Sunday Manara, alikuwa ametangulia kuonyesha njia alipokwenda Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, na baadaye naye akacheza Dubai. Kwa Omondi, Ghuba ilikuwa karibu zaidi kuliko Ulaya, na ililipa.

Ni vigumu kumlaumu. Mtu anayeuza nyanya Busia hawezi kumwambia mwenzake asipeleke mzigo palipo na bei. Hata hivyo hasara ilikuwepo, na ni sawa kuitaja. Miaka ambayo mshambuliaji huwa katika ubora wake, Omondi aliitumia mbele ya watu wachache, katika ligi ambayo redio za Afrika Mashariki hazikuitangaza. Mabao aliyofunga kule hayakuingia katika kumbukumbu za watu wa nyumbani. Cranes nayo iliingia kwenye usingizi mrefu. Ilipofika miaka ya 1990 Magid Musisi alipotoka SC Villa kwenda Rennes ya Ufaransa, nchi nzima ilimfuatilia kwenye magazeti. Omondi alikuwa ameondoka bila sherehe ya namna hiyo.

Alirudi Kampala katika miaka ya 1980 na kuivaa tena jezi ya KCC. Wengi waliotoka nje na fedha walifungua maduka na kustaafu. Yeye alirudi uwanjani, katika mji uliokuwa na vizuizi vya barabarani na milio ya bunduki usiku, vita vya Luweero vikiendelea kilomita chache tu kaskazini. KCC ilikuwa bado na nguvu, ikitwaa ubingwa mwaka 1981, 1983 na 1985, ingawa SC Villa ilikuwa imekwisha kuanza kuinyang'anya ufalme. Hakuwa na kasi ya zamani. Alikuwa na kitu kingine: wachezaji wadogo wa KCC walijifunza kwa kumtazama tu jinsi anavyoupokea mpira.

Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kuelekea ukocha. Aliifundisha KCC, klabu ile ile iliyomlea. Ukocha wa Uganda wakati huo ulikuwa kazi ya kupenda zaidi kuliko ya kulipwa, na yeye aliifanya bila kelele.

Alifariki Aprili 1999, akiwa na umri wa miaka ya arobaini ya mwanzo. Wachezaji kadhaa wa kizazi chake walizikwa wakiwa bado vijana, na waliobaki walizeeka bila pensheni ya mpira. Baraza la jiji, ambalo tangu 2011 ni mamlaka na klabu yake KCCA, lilitoa heshima ambayo wenzake wengi hawakuipata: uwanja wa Lugogo ulipewa jina la Philip Omondi. Baadaye wadhamini walikuja na majina yao, kwanza kampuni ya televisheni, kisha ya simu. Katika mabadiliko hayo upo wakati ambapo jina la Omondi lilipotea kabisa kwenye tangazo la uwanja, na mashabiki wakalalamika. Sasa limerudi, nyuma ya la mdhamini. Mwaka 2018 KCCA ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikitokea hapo Lugogo.

Cranes walirudi kwenye fainali za mataifa mwaka 2017 tu, nchini Gabon, miaka 39 baada ya Accra. Fainali za 2027 zimepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, na wafanyabiashara wa Malaba, Mutukula na Namanga tayari wanapiga hesabu za jezi, vyumba vya wageni na chakula.