Rameau, Mpiga Kinanda Aliyetaka Kujua Kwa Nini



Wanakwaya wapendwa na wageni wetu, katika kijitabu cha jubilei mmezoea kusoma historia ya kwaya, majina ya viongozi waliotangulia na shukrani kwa wafadhili. Yote hayo yamo humu. Lakini kamati ilipokaa tuliona tuongeze pia maisha ya mtu mmoja mwenye jina kubwa Ulaya, ambaye wengi wetu hatukuwa tumemsikia hadi majuzi, ingawa kila Jumapili tunaimba kwa mpangilio ambao yeye aliueleza.

Sababu tuiseme wazi. Mpiga kinanda wetu alipohamishwa kikazi, tulibaki na nyimbo vichwani tu. Kila sauti ilijua mstari wake kwa kukariri, na hakuna aliyejua mstari huo unahusianaje na wa jirani. Jumapili moja sauti ya nne walipotea katikati ya wimbo wa matoleo, nasi hatukuweza kuwasaidia kwa kuwa hatukujua walipaswa kuwa wapi. Tulimalizia kwa sauti moja, macho chini. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kujifunza kodi (si ile ya serikali, hii ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja), na kodi ndizo zilizotufikisha kwa Jean-Philippe Rameau.

Alizaliwa mwaka 1683 mjini Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, na husemwa kwamba mtoto alijua noti kabla ya kujua kusoma. Alipelekwa shule ya Wajesuiti, lakini inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba na kuandika noti wakati wenzake wanasoma, basi masomo yale hayakufika mbali. Walimu wenzangu mliomo kwayani, mwanafunzi wa namna hiyo mnamjua.

Akiwa na miaka 18 hivi alikwenda Italia, akaishia Milan, akarudi. Kisha ikawa ni kuhama tu: Avignon, Clermont, Paris, na Dijon tena, ambako alirithi kinanda cha baba yake mwaka 1709. Hakukaa. Akaenda Lyon, na mwaka 1715 akarudi Clermont kupiga kinanda katika kanisa kuu la mji huo, lililojengwa kwa mawe meusi ya volkano. Mkataba wake ulikuwa wa miaka 29. Alikaa saba. Kuna kisa kwamba alipokataliwa ruhusa ya kuondoka alikaa kwenye kinanda akapiga noti zinazogongana, za kuumiza masikio, mpaka wakubwa wa kanisa wakamwachilia. Wengine husema kisa hicho ni cha ndugu yake Claude, ambaye naye alikuwa mpiga kinanda. Vyovyote vile, wapiga kinanda wetu wasikichukue kama mfano.

Jambo kubwa la Clermont ni kitabu alichokiandika huko. Siku zile mpiga kinanda alipewa mstari wa besi peke yake, wenye tarakimu, naye alitakiwa kujaza sauti za juu papo hapo. Kila tarakimu ilikuja na kanuni yake, na kanuni zilikuwa nyingi. Mwanafunzi alikariri miaka na miaka. Rameau aliyajua yote hayo kwa vidole na kwa masikio, ila hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini kodi moja inatulia na nyingine inataka kwenda mahali.

Chukueni do, mi, so. Sauti ya nne wakishika do chini, hiyo ni kodi ya do, haina ubishi. Sasa sauti ya nne waimbe mi, na wengine wagawane so na do. Vitabu vingi vya wakati ule viliihesabu kuwa kodi nyingine yenye kanuni yake. Rameau alisema hapana: ni kodi ileile, kama familia iliyobadilishana viti mezani. Wapo waliogusia jambo hilo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyejenga elimu nzima juu yake. Akatofautisha besi inayosikika na besi ya msingi, yaani ile noti ambayo kodi inasimama juu yake hata kama haiko chini kabisa. Hapo ndipo tulipogundua kosa letu la wimbo wa matoleo. Sauti ya nne walikuwa sahihi kwenda mi. Sisi tulidhani wamepotea, tukawavuta, tukapotea wote.

Kwa anayeanza, katika ngazi ya meja kodi kubwa ni tatu. Ya kwanza ni ya do: do, mi, so. Hiyo ni nyumbani. Ya pili ni ya so: so, ti, re. Ya tatu ni ya fa: fa, la, do. Ziunganisheni mtaona kwamba noti zote saba za ngazi zimeshapatikana, ndiyo maana nyimbo nyingi za kanisani huongozwa na kodi hizo tatu peke yake. Mkiiongeza fa juu ya kodi ya so, mtasikia haja ya kurudi nyumbani: ti inapanda kwenda do, na fa inashuka kwenda mi. Rameau aliupa mwendo huo nafasi ya kwanza katika maelezo yake. Mwendo wa kutoka fa kwenda do, ambao tunaufahamu kwa Amina ya mwisho wa wimbo, ni mpole zaidi, nao pia aliueleza.

Zipo kodi nyingine zenye rangi ya majonzi kidogo: re, fa, la, mi, so, ti, na la, do, mi. Angalieni kwamba re, fa, la ina noti mbili sawa na kodi ya fa, kwa hiyo mara nyingi huweza kukaa mahali pake kabla ya so. Jaribuni wenyewe mazoezini: do, fa, so, do, halafu do, re, so, do. Sauti ya pili watasikia tofauti kabla ya wengine.

Kitabu kilichapishwa Paris mwaka 1722, kurasa zaidi ya 400, na ni kigumu kusoma. Rameau alijua mambo kuliko alivyojua kuyaandika. Ilibidi msomi d'Alembert atoe maelezo mepesi mwaka 1752, ingawa baadaye wawili hao waligombana. Mwaka 1726 Rameau alioa mwimbaji kijana, Marie-Louise Mangot, na katika kitabu kingine cha mwaka huohuo akaipa noti ya fa jina ambalo wanamuziki wa Ulaya wanalitumia hadi leo. Mwaka uliofuata aliomba nafasi ya mpiga kinanda katika kanisa la Saint-Paul mjini Paris, akashindwa na Daquin. Watu walikuwa wakimwona ni mtu wa vitabu tu, asiyeweza kutunga.

Alikuwa na miaka 50 opera yake ya kwanza, Hippolyte et Aricie, ilipoonyeshwa mwaka 1733. Wapenzi wa muziki wa zamani walilalamika kwamba kodi zimezidi. Wengine wakamshangilia. Mabishano yaliendelea miaka mingi, naye akaendelea kutunga na kuandika, akijaribu kuonyesha kwamba kodi ya do inatoka katika sauti yenyewe: uzi mmoja wa ala ukitetemeka, ndani yake husikika kwa mbali noti ya so na ya mi. Wenye gitaa wanaweza kulithibitisha hilo.

Alifariki Paris tarehe 12 Septemba 1764, akiwa karibu kutimiza miaka 81, akazikwa katika kanisa la Saint-Eustache. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kitandani, padri aliyekuja kumhudumia aliimba nje ya noti, na mgonjwa akamlalamikia.

Darasa la kodi kwa wanaoanza liko kila Jumamosi, saa moja kabla ya mazoezi. Sauti ya nne, njooni na penseli.