Ibn al-Haytham na Mwendo wa Sehemu Mbili

Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki, yapata mwaka 354 wa Hijra, uwafikianao na 965 wa Miladi. Wengi wamepata kulisikia jina lake kwa habari ya macho na nuru. Ni wachache waijuao hisabu yake ya mwendo, nayo ndiyo tuitakayo hapa, baada ya kutaja yaliyomfika.

Alipokuwa Iraki alipata kusema kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia mto wa Nili kazi ya kuwafaa watu, maji yakijaa na yakipungua. Neno hilo likamfikia Al-Hakim, khalifa wa Kifatimiya, naye akamwita. Al-Qifti asimulia kwamba khalifa mwenyewe alitoka nje ya Kairo kumlaki, kisha akampa mafundi, wakaupanda mto hata Al-Janadil, kusini ya Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyopimwa kwa handasa ya ajabu, akafahamu ya kuwa watu wenye ujuzi kama ule wasingaliliacha jambo hilo lau lingewezekana. Alipoutazama mto akayakinisha. Akarejea kwa haya, akaungama kuwa ameshindwa. Na kuungama mbele ya Al-Hakim hakukuwa jambo jepesi, kwani alikuwa mtu mwepesi wa kumwaga damu. Alipewa kazi ya diwani, akaishika kwa hofu, mwisho akajitia wazimu. Mali yake ikazuiliwa, naye akafungiwa nyumbani mwake mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Hapo akili “ikamrudia”. Akakaa karibu na mlango wa Azhar, akila kwa jasho la kalamu, akinakili vitabu vya Euclid na Batlamyus na kuviuza.

Kitabu chake kikubwa ni Al-Manadhir, chenye sehemu saba. Humo auliza: kwa nini nuru ipigayo kioo kwa mshazari hurudi kwa pembe ile ile iliyojia? Aupiga mfano wa tufe la chuma lirushwalo juu ya kioo. Mwendo wake, asema, una sehemu mbili: moja yaenda wima kukikabili kioo, nyingine yafuata uso wake. Ile ya wima huzuiwa na kurudishwa; ile ifuatayo uso haina cha kuizuia, basi hubaki kama ilivyokuwa. Ziunganishe mbili hizo, pembe zitakuwa sawa. Kadhalika atwambia kwamba tufe likirushwa wima juu ya ubao mwembamba huuvunja, na likirushwa kwa mshazari, kwa nguvu zile zile, huenda lisiuvunje.

Msomaji atakaye kuyaona haya kwa macho yake na amtazame mtu avukaye mkono wa bahari kwa dau, maji yakipwa. Omo ameielekeza ng’ambo sawasawa, na maji yamvuta kwenda nje. Hatashukia pale alipopakusudia, bali chini yake. Lakini muda wa kuvuka hauzidi kwa mkondo ule, maana haukumsogeza ng’ambo wala haukumrudisha nyuma.

Hisabu hii leo hufundishwa skuli kwa jina la vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na upande wa kuelekea. Jina hilo lilitiwa katika hisabu na William Rowan Hamilton wa Dublin, katika miaka ya 1840. Wala tusimzidishie mwanachuoni wetu sifa asiyoidai: Wayunani kabla yake walikwisha sema kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na miendo miwili. Yeye aliichukua fikira hiyo akaitia katika nuru, na maneno yake ya nuru akayajaribu kwa vyombo, jambo ambalo wengi waliomtangulia waliridhika kulisema tu.

Alifariki Kairo yapata mwaka 430 (1039). Karne karibu tatu baadaye Kamal al-Din al-Farisi alikisherehesha kitabu chake, na tafsiri yake ya Kilatini ikapigwa chapa Basel mwaka 1572.