Dekha Ibrahim: Mathe wa Wajir Aliyeanza Kuzima Vita Sokoni

Siku ya soko hapa Ekerenyo, mamathe ndio wenye soko. Ndizi, mboga, mahindi, bei, deni, yote wanaijua. Lakini kikiitishwa kikao cha amani, mara nyingi ni mabuda wamejaza viti vya mbele, mamathe wako nyuma wakiangalia sufuria. Kama umezoea hio picha, wacha nikupe stori ya Dekha Ibrahim Abdi.

Dekha alizaliwa 1964 huko Wajir. Akiwa bado mtoi, vita vya Shifta vilikuwa vimechacha, na mamake alikuwa anamficha chini ya kitanda risasi zikilia. Miaka ya 90 ikafika, Dekha naye amepata mtoto. Usiku mmoja risasi zikaanza tena. Akashika mtoi, akaingia chini ya kitanda. Asubuhi mamake akamkumbusha kuwa yeye pia alifichwa hivyo hivyo. Hapo Dekha akaona hii kitu isipokatwa, hata huyo mtoi atakuja kuficha wake.

Wajir wakati huo ilikuwa noma. Ukame, bunduki kibao baada ya Somalia kusambaratika, koo za Degodia, Ajuran na Ogaden zinauana. Hadi sokoni, mama wa ukoo huu hakubali yule wa ukoo ule auze ama anunue.

Dekha na wenzake walianza kuongea kwa harusi, mahali wanawake wa koo zote walikuwa wamekutana. Hawakungoja serikali. Walianza na kile walikuwa wanakijua: soko. Wakakubaliana kila mtu auze na anunue bila kusumbuliwa, wakachagua wamama wa kuchunga hio makubaliano. Soko likatulia.

Wakaenda kwa wazee. Hiyo haikuwa rahisi, maana kwa mila mambo ya vita na amani ni ya wanaume. Lakini hawakuchoka, na 1993 wazee wakakubaliana Azimio la Al Fatah. 1995 ikaundwa kamati moja ya wanawake, wazee, vijana na maafisa wa serikali. Kamati za amani za wilaya zilizokuja kuenea Kenya zilichukua mfano kutoka huko.

Baadaye Dekha akawa mwalimu wa hii kazi, Afrika na mbali hadi Kambodia. Alikuwa anafunza watu kuchora ramani ya ugomvi: nani anapigana na nani, nani anafaidika, nani bado anaskizwa na pande zote. Yaani amani ni kazi ya mkono, inafunzwa kama ushonaji. 2007 akapewa tuzo ya Right Livelihood, ile watu huita Nobel mbadala.

Kura ya 2007 ikachafuka. Dekha akakaa chini na Bethuel Kiplagat, Jenerali Opande, Jenerali Sumbeiywo na George Wachira, wakaanzisha Concerned Citizens for Peace, wakitafuta njia ya kutuliza nchi. Kwa meza ya Kofi Annan, kila upande ulileta mwanamke mmoja tu: Martha Karua na Sally Kosgei.

Wasee wa huku Nyamira hawajasahau 2008. Mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka, nyumba zikachomwa, Wakisii na Wakipsigis waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi wakaanza kuogopana. Watoi wa huko pia walifichwa.

Julai 2011 Dekha alipata ajali ya barabarani iliyoua pia mumewe. Aliaga tarehe 14, akiwa bado na miaka arobaini na kitu.

Sasa rudi na mimi sokoni. Yule mathe anakuuzia ndizi anajua nani amekosana na nani kabla chifu asikie. Anachokosa ni mafunzo na kiti cha mbele. Kura ingine ikikaribia, tumpee vyote viwili mapema, kabla mtu atafute kitanda cha kujificha chini yake.

Lala salama, Dekha.